Rangi ya nywele: halali isigeuke madhara



Hapa Kayanga, mama mmoja wa darsa letu aliniuliza: “Ustadhi, kupaka nywele rangi kunafaa?” Nikajibu upesi kuwa kunafaa, ila aepuke nyeusi. Nikamsimulia Fat-h Makka, mwaka wa 8 Hijria, alipoletwa Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, kichwa kikiwa cheupe kwa mvi. Mtume (s.a.w.) aliamuru zibadilishwe rangi, na nyeusi iepukwe.

Wiki iliyofuata alirudi ana vidonda kichwani, nywele zinakatika. Asubuhi aliweka dawa ya kulainisha, jioni akajipaka mwenyewe rangi ya saluni. Nilimweleza hukumu ya rangi, nikasahau hukumu ya madhara. Allah anisamehe.

Mtume (s.a.w.) amekataza kujidhuru na kudhuriana. Dawa ya kulainisha hudhoofisha unywele na huweza kuchubua ngozi. Kuongeza rangi siku hiyo hiyo ni kutonesha kidonda. Subiri angalau wiki mbili. Kisha jaribu rangi kidogo nyuma ya sikio, ungoje saa 48. Ukiwashwa au kuvimba, acha. Piko nayo mara nyingi ina kemikali iitwayo PPD, inayoweza kuleta mzio mkali. Hina halisi, isiyochanganywa, ni salama zaidi.

Masheikh wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, Idi inapokaribia tuwakumbushe kina mama haya pia. Mwili ni amana, na amana huulizwa.

Wabillahi tawfiq.