Je, Darwin Naye ni Jirani?

Kila mfugaji anajua: ukichagua fahali vizuri, kizazi baada ya kizazi, ng'ombe wanabadilika. Hata Yakobo, akichunga kundi la Labani, aliwachagua wenye nguvu (Mwanzo 30:41-42).

Charles Darwin alianza kitabu chake cha 1859 hapo hapo, kwa wanyama wa kufugwa. Alifuga njiwa. Kuna aina yenye manyoya 30 hata 40 mkiani, badala ya 12 au 14, na bado aliona wote wametoka kwa njiwa-mwitu wa majabalini. Kisha akauliza: ikiwa mtu anaweza haya kwa muda mfupi, je, njaa na baridi, zikiua wengine na kuacha wengine wazae, haziwezi zaidi kwa miaka mingi mno?

Sisi wahubiri hujibu, "Darwin alisema nyani alizaa mtu!" Kanisa linacheka. Lakini hakusema hivyo. Na amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikumruka mtu tusiyekubaliana naye.

Muulize maswali ya haki: mfugaji ana kusudi, je, njaa inalo? Mbwa hubadilika sana, lakini si bado ni mbwa? Naye atakujibu kwamba miaka ni mingi. Msikilize.

Mtoto wako atakisoma kitabu hicho chuoni. Akigundua ulimsingizia Darwin, atakuamini vipi ukimwambia kaburi li wazi?