Kinyago, Kicheko na Mapinduzi: Suala la Maadili katika Filamu ya Marquis

Je, msanii ana haki ya kuyafanyia dhihaka mapinduzi yaliyogharimu damu ya watu? Swali hili linazushwa na Marquis, filamu ya watu wazima iliyoongozwa na Henri Xhonneux, aliyeandika mswada wake pamoja na Roland Topor. Ilitolewa mwaka 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya Mapinduzi yake. Waigizaji wamevishwa vichwa vya vikaragosi vya wanyama. Marquis de Sade, mfungwa wa Bastille, ni mbwa; mlinzi wake ni panya; kasisi ni ngamia. Hata uume wa Marquis umepewa uso, jina la Colin, na ulimi wa kubishana na mwenyewe.

Wapo watakaoona hapa utovu wa adabu tu. Msimamo wetu ni tofauti. Msomaji wa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, amezoea wanyama wanaositiri majina ya watawala. Katika Marquis, kinyago hakisitiri bali hufichua: wanaonena kwa lugha ya haki na uhuru wana miili yenye tamaa na woga. Historia yenyewe haikukosa kinaya. Sade halisi aliondolewa Bastille tarehe 4 Julai 1789, siku 10 kabla ya gereza hilo kuvamiwa, na wafungwa waliokutwa humo walikuwa 7 tu. Kuyataja haya si kuwatukana waliokufa. Ni kukataa kuyageuza mapinduzi kuwa mzimu wa kutambikiwa.

Hata hivyo, kuna Justine, ng'ombe anayeeleza kwamba alibakwa na Mfalme na kwamba mimba aliyo nayo ni ya Mfalme huyo. Kasisi na gavana wa gereza wanakula njama ya kumsingizia Marquis. Kicheko kinachowaumbua wakubwa hawa ni cha haki. Lakini kichwa cha ng'ombe humfanya Justine naye achekwe, na maumivu yake yakawa sehemu ya burudani. Aliyenyimwa haki na Mfalme ananyimwa na msanii huruma ya hadhira.

Kwa maoni yetu, basi, kipimo cha maadili ya tashtiti si uchi wala ukali wa lugha, bali ni nani anayetwishwa gharama ya kicheko. Kwa kipimo hicho, Marquis inafaulu mbele ya Mfalme na kushindwa mbele ya Justine. Mhakiki hana budi kuyasema yote mawili.