Upepo, Maji na Amani ya Nyumba

Wachina tangu kale wana elimu ya kupanga makao iitwayo feng shui, yaani "upepo na maji". Hufundisha mlango uelekee wapi, kitanda kiwekwe wapi na kioo kitundikwe wapi, ili nguvu waiitayo qi ipite vema na kuwaletea wenyeji heri. Siku hizi imeenea hata Ulaya na Marekani. Je, Mkristo aifuate?

Hatupendi kuhukumu upesi. Nyumba za kale za Beijing zilielekezwa kusini, zipate jua wakati wa baridi na kuupa kisogo upepo mkali wa kaskazini. Hiyo ni busara, na busara ni zawadi ya Mungu. Kupanga na kupamba nyumba si dhambi.

Lakini mtu aogopaye kwamba kioo kitamletea msiba, au atumainiye kwamba mlango utamletea mali, amekipa kitu kisicho na uhai enzi iliyo ya Mungu peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yakataa ramli za kila namna. Tena hofu hiyo humsahaulisha mtu wajibu wake. Mume na mke wasiosemezana wangehamisha kitanda hata mara 7, wasingepata raha; wanalohitaji ni neno moja la kuombana radhi.

Basi, enyi wazazi, twawasihi: fungueni madirisha, pangeni vyombo vizuri, kisha mpatane kabla ya kulala. Heri ya nyumba hukaa mioyoni mwa wenyeji.