Nani Atachambua Sufi?

Godoro langu la zamani lina bonde. Bonde lenyewe lina umbo langu kabisa: mahali pa bega, mahali pa nyonga, na shimo dogo pale ninapowekea kiwiko usiku nikimalizia kazi za watu kwenye kipakatalishi. Nililinunua nikiingia chuo kikuu, sponji ya inchi 6. Miaka miwili baadaye karo ikanishinda, nikalishusha ngazi za hosteli mwenyewe na kulifunga kwa kamba juu ya matatu.

Kama umesoma Kenya unajua vile maisha yetu yanahesabiwa kwa magodoro. Ulienda kidato cha kwanza na godoro. Unaenda chuo na godoro. Unahamia keja yako ya kwanza, godoro liko juu ya mkokoteni na mtaa mzima unalitazama. Siku ile niliyorudi nyumbani katikati ya muhula, hakuna jirani aliyeniuliza kama nimeacha shule. Godoro lilikuwa limeshawaambia.

Sasa nina miaka ishirini na sita na mgongo unalalamika kila asubuhi. Mwezi wa tatu nililipwa pesa za kazi tatu kwa mpigo, jambo ambalo mwandishi wa kujitegemea huliota tu, nikaamua kununua godoro jipya. Na kwa vile mara hii nilikuwa na pesa, nikaanza pia kuwa na dhamiri. Nilitaka godoro zuri, lisilotokana na mafuta ya petroli, lisilomuumiza mtu. Godoro asilia.

Rafiki yangu alicheka. "Manze, ni godoro tu. Ukishalala hata hujui limejazwa nini."

Lakini hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Theluthi moja ya maisha yangu inapita juu ya kitu ambacho sijui kimetoka wapi. Chakula tunauliza kimetoka wapi. Nguo tunauliza, angalau siku hizi. Mbona kitanda tusikiulize?

Kwanza nilitaka kujua godoro zuri ni lipi. Nyumbani tuliambiwa mgongo ukiuma, lala sakafuni au tafuta godoro gumu kama ubao. Mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi ya waliolalia godoro gumu. Ukifikiria, inaeleweka. Ukilala ubavu, bega na nyonga zinahitaji kuzama kidogo ili uti wa mgongo ubaki umenyooka. Godoro gumu sana linazisukuma juu, na laini sana linakumeza mzima. Unataka kitu kinachokubali uzito wako bila kukuachia uanguke.

Hapo mgongo ukawa umepata jibu. Dhamiri ikabaki na maswali yake.

Sponji tunayolalia wengi wetu ni poliyurethani, kitu kilichovumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Malighafi yake hutokana na petroli. Kemikali zinachanganywa, zinafura kama unga wa mandazi, halafu lile pande kubwa linakatwa kwa saizi. Siidharau. Ni nyepesi, ni nafuu, na imewatoa watoto wengi sakafuni, mimi nikiwa mmojawao. Tatizo ni mwisho wake. Ikishabonyea imebonyea, huwezi kuifungua ukaitengeneza, na ukiitupa haiozi ikarudi kuwa udongo.

Basi nikageukia mpira, ule utomvu wa mti ambao hugeuzwa kuwa povu na kuuzwa kama godoro la kifahari. Bei yake ingenilipia kodi ya mwaka mzima, lakini tangazo lilinivutia: asilia, safi, halina lawama. Hilo neno lawama ndilo lililonikwamisha. Kwa sababu mpira tunaujua historia yake huku kwetu. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Vijiji viliamriwa kuleta mpira wa mwituni kwa kipimo. Wanawake walishikwa mateka hadi waume zao warudi na mzigo, na watu walikatwa mikono. Mpira ule ulikuwa asilia kuliko kitu chochote kinachouzwa leo. Ulitoka msituni moja kwa moja.

Sisemi mpira wa leo ni ule wa Leopold. Ninachosema ni kwamba neno "asilia" linakuambia habari za kitu, halikuambii habari za mtu. Hata leo, kwenye mashamba ya mpira, wagemaji wengi huamka usiku au alfajiri, kwa sababu utomvu hutiririka vizuri kukiwa na baridi. Mtu anaacha usingizi wake ili mimi nipate wangu. Huenda analipwa vizuri, huenda halipwi vizuri. Tangazo halikusema.

Hapo ndipo nilipokumbuka sufi, nikaona nimepata ushindi. Kwa upande wa mama sisi ni watu wa Kilifi, na nyuma ya nyumba ya nyanya kulikuwa na msufi mkubwa. Matunda yake yakikauka hupasuka na kutoa nyuzi nyeupe, nyepesi kuliko pamba. Kila uzi una uwazi ndani kama mrija mdogo, na hauloi maji kirahisi, ndiyo maana zamani sufi ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Utotoni nililala juu ya godoro la sufi kila likizo, na sijawahi kulala vile tena. Lilikuwa na harufu ya jua. Nikajiambia, jibu lilikuwa nyumbani siku zote. Halina kiwanda, halina petroli, na halina Leopold.

Pasaka nikaenda Kilifi, nikamkuta nyanya amelalia sponji.

"Nyanya, hili umelipata lini?"

"Wajomba zako walinichangia. Kwani lina nini?"

Nikamwelezea. Nilimweleza petroli, taka, mazingira, kila kitu nilichosoma. Alinisikiliza vile anavyosikiliza taarifa ya habari, mikono ikiendelea kupepeta mchele. Nilipomaliza akasema, "Sufi ni tamu kwa asiyeichambua. Wewe ulikuwa unakuja kulala tu, mume wangu."

Kisha akanihesabia. Sufi ikilaliwa muda mrefu hushikana mabonge. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya masika, alifumua magodoro manne. Aliitoa sufi yote, akaianika, akaipiga fimbo, akaichambua bonge kwa bonge. Kazi hiyo huwezi kuifanya penye upepo kwa sababu yote itapeperuka, kwa hiyo unajifungia ndani na joto la pwani, leso imefungwa puani, macho mekundu, kifua kinakohoa siku tatu. Halafu unajaza upya na kushona kwa sindano ndefu hadi vidole vivimbe. "Babu yako," akasema, "hakuwahi kushika hata ile sindano. Sponji ilipokuja ndipo nilipopumzika."

Sikuwa na la kusema. Ile harufu ya jua niliyokuwa nikiikumbuka kwa mapenzi makubwa ilikuwa jasho lake. Nilikuwa nimetafuta dhuluma kiwandani na Kongo, nikasahau kutazama chumba cha pili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma matangazo ya vitu asilia kwa jicho tofauti. Kurudi kwenye asili mara nyingi maana yake ni mtu fulani kurudi kwenye kazi, na huyo mtu kwa kawaida ni mwanamke, na kwa kawaida halipwi. Usumba nao ni hivyo hivyo. Ni nyuzi za makumbi ya nazi, nzuri sana kwa godoro linalotaka uimara. Lakini kwa njia ya zamani ya pwani, makumbi hufukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi, kisha wanawake huyafukua na kuyaponda kwa mkono hadi nyuzi ziachane. Hakuna kemikali, ni kweli. Kuna mabega.

Je, basi tulalie sponji tu na tunyamaze? Hapana, na nyanya mwenyewe hakusema hivyo. Nilipomuuliza lipi ni tamu zaidi kulala, hakufikiria hata kidogo. "Sufi," akasema. Shida yake haikuwa sufi. Shida ilikuwa kwamba kazi yake haikuhesabiwa kuwa kazi, na usingizi wetu sisi tulidhani umekuja wenyewe. Nadhani hakuna godoro linalokosa mkono wa mtu chini yake. Swali la haki ni kama huo mkono unaujua, kama umeulipa, na kama wako pia unaweza kushika zamu.

Nikiwa njiani kurudi nilipitia Mombasa kwa fundi wa magodoro. Tulikubaliana: usumba chini ili mgongo ushikiliwe, sufi juu ili bega lizame. Akataja bei, nami, Mkenya halisi, nikaanza kulia. Punguza bwana, nimetoka mbali, mimi ni kijana tu. Akaniuliza kwa upole, "Nipunguze nini? Kitambaa, sufi, au mimi?" Nikalipa. Naona aibu kuandika kwamba nilihitaji kuulizwa, baada ya yote niliyokuwa nimesikia wiki ile.

Kabla ya hapo nyanya alikuwa amenifundisha kuchambua, kwa mto mmoja wa zamani. Nilichukua asubuhi nzima. Nilipiga chafya mpaka akaita majirani waje waone. Nimejiahidi kwamba godoro hili likishikana nitalifumua mwenyewe, na nikioa, sindano itakuwa yangu. Kuahidi ni rahisi, najua. Kwa sasa kila Jumamosi nalipandisha paa la ploti, nalianika kati ya kamba za nguo, nalipiga fimbo. Watoto wa jirani wanadhani nimechanganyikiwa. Nalala vizuri.

Lakini godoro la zamani lilibaki limeegemea ukuta kwa wiki tatu, kwa sababu sikujua la kulifanya. Sikutaka kulitupa. Baada ya kelele zote zile kuhusu taka, ningelitupa vipi?

Usiku mmoja nikirudi, askari wa ploti akaniuliza, "Brathe, lile godoro bado unalo?" Nikamuuliza analitaka la nini. Akasema lake limeisha, siku hizi analala juu ya katoni na blanketi. Analala mchana, chumba cha mabati, akitoka kukesha langoni petu.

Nimepita langoni pale kila usiku kwa miaka miwili. Nimesoma habari za wagemaji wa mpira wa nchi ambazo sitawahi kufika, nikawahurumia kwa kukosa usingizi. Mtu anayekesha ili mimi nilale anakaa hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na sikuwahi kujiuliza yeye analala wapi, juu ya nini.

Sijui kama kumpa mtu godoro lenye bonde ni wema au ni kumwachia taka zangu. Nimelifikiria sana na sijapata jibu safi. Ningekuwa na pesa ningemnunulia jipya. Sina, zimebaki Mombasa kwa fundi. Nimeanza kuuliza wapangaji wenzangu tunamlipa kiasi gani, na kwa nini sisi wote hatukujua. Mazungumzo hayo hayajaenda mbali.

Jumapili nilimsaidia kulibeba hadi kwake. Nikamwambia ukweli, kwamba lina bonde katikati.

"Nitaligeuza," akasema.

Nikamwambia nimeshaligeuza, mara mbili. Akacheka, akalilaza sakafuni, akalibonyeza kwa kiganja kutoka kichwani hadi miguuni akitafuta mahali palipo sawa. Akapapata, upande wa ukutani. Akasema atalala hapo.