Je, Zawadi Yaweza Kuwa Mtego?

Mvuvi hamtupii samaki ndoana tupu. Huificha ndani ya chambo, na chambo chenyewe ni chakula kizuri. Basi tuulize: kitu kizuri kikitolewa ili kumvuta mtu kwenye kitu kingine chenye madhara, je, bado ni zawadi? Na mtu mwema akikubali kuwa chambo, je, hana sehemu yake katika madhara hayo? Tulichungue swali hili kwa kisa cha Marekani.

Huko watu wengi hukusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Wachache hukumbuka kwamba kadi hizo zilienea kwanza kwa njia ya pakiti za sigara. Zamani sigara zilisokotwa kwa mikono. Karibu na mwaka 1880 James Bonsack akaunda mashini iliyoweza kutengeneza zaidi ya laki moja kwa siku. Sigara zikawa tele. Sasa ikabidi kutafuta wavutaji. Pakiti zilikuwa za karatasi laini, basi wafanyabiashara wakatia ndani kipande cha karatasi ngumu ili sigara zisivunjike. Kisha kampuni kama Allen & Ginter ya Richmond, na ile ya James Duke, zikachapa picha juu yake: wanamichezo, ndege, wafalme, hata wanawake wa maonyesho. Kila picha ilikuwa sehemu ya fungu, ili mwenye kumi atamani ya kumi na moja.

Mwaka 1894 mzee Washington Duke, babake James, alimwandikia mwanawe kumlaumu kwa ajili ya zile picha za wanawake, kwa kuwa ziliharibu tabia za vijana. Mzee huyo alikitambua chambo kichafu. Lakini chambo kisafi je? Picha ya mchezaji hodari haina aibu yo yote.

Hapa ndipo anapoingia Honus Wagner wa timu ya Pittsburgh, mmoja wa wachezaji wakubwa wa wakati wake. Kati ya 1909 na 1911 American Tobacco Company ilitoa fungu la picha zaidi ya 500. Mwandishi mmoja wa habari za michezo aliahidiwa dola 10 akipata ruhusa ya Wagner. Wagner akakataa, na yasimuliwa kwamba alimpelekea mwandishi yule dola 10 zake mwenyewe, asipate hasara. Wengi husema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya uso wake. Wengine hubisha: alitaka malipo tu, maana yeye mwenyewe alitumia tumbako.

Nia ya moyoni hatuwezi kuipima. Lakini kitendo chaweza kupimwa. Na mtu atumiaye tumbako hakosi haki ya kumkinga mtoto nayo. Pengine ndiye aijuaye zaidi.

Mtu atasema: «Wavulana wengi walisimama mlangoni pa duka, wakiwaomba wavutaji zile kadi, wala hawakuvuta.» Ni kweli. Lakini nyuma ya kadi palichapwa jina la sigara, na mtoto alilisoma kila alipoigeuza. Alijifunza kulipenda jina kabla ya kukijua kitu. Mwingine atasema: «Wagner akikataa, wengine mia watakubali.» Ni kweli pia. Lakini kila mtu huulizwa juu ya uso wake, si juu ya nyuso za wengine.

Basi, tutofautishe. Zawadi humwacha mpokeaji huru. Chambo humtaka arudi. Kipimo ni hiki: je, mtoaji angefurahi kama mtoto angechukua picha na kuiacha sigara daima? Akifurahi, ametoa zawadi. Akikasirika, ameweka mtego, hata kama picha ni nzuri kabisa.

Kadi chache za Wagner zilikuwa zimekwisha kutoka. Kwa uhaba wake, moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7 na robo. Wengine hucheka: picha aliyoikataa ndiyo iliyomfanya maarufu zaidi! Lakini thamani ya kukataa haitegemei yatokeayo baadaye sokoni. Siku ile mtoto fulani alifungua pakiti, asiione sura ya shujaa wake humo. Hilo latosha.

Nasi wazazi, waalimu na wafanyabiashara, kila mtu atoapo kitu kizuri kwa mtoto tusikiangalie kile kitu tu. Tuangalie pia uzi uliofungwa nyuma yake, na mkono unaoushika.