MTI WA WOTE, MLINZI WAKE NI NANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeihuisha ardhi kwa mvua baada ya kufa kwake, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika kila mji wa pwani yetu, tangu Lamu mpaka Vanga, kuna mahali pasipokuwa pa mtu mmoja. Ni kiwanja wanachochezea watoto, au mkungu ambao wazee huketi chini ya kivuli chake baada ya sala ya alasiri, au ukingo wa bahari wanakopunga upepo watu wasiokuwa na roshani, au eneo la makaburi ya wazee wetu. Mahali hapo hapana hati iliyomo mfukoni mwa jirani yeyote, na kwa sababu hiyo kila jirani hudhani kwamba hapamhusu. Mtu hufagia ua wake kila asubuhi mpaka mchanga ukang'aa, kisha taka zile zile akazitoa mlangoni na kwenda kuzimwaga kiwanjani. Nyumba yake ni safi, na mtaa wake ni jaa! Je, huu ndio usafi tuliosomeshwa chuoni katika mlango wa tohara?

Wako watu wachache katika baadhi ya mitaa yetu ambao hawakuridhika na hali hii. Hawana mshahara wala cheo. Hutoka baada ya sala ya alfajiri na majembe yao na mitungi ya maji, wakaokota taka, wakafyeka magugu, wakatia maji miche, kisha kila mmoja akaenda katika kazi yake ya kumpa riziki. Na malipo wanayoyapata kwa wenzao ni kuchekwa. Yatupasa basi tuitazame kazi yao kwa mizani ya sharia, tujue ni upuuzi kama wasemavyo wanaowacheka, au ni ibada.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ardhi ya wote si jambo geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliufanya mji wa Madina kuwa mahali patukufu, akakataza miti yake isikatwe. Na alipozuia ardhi ya malisho, yaani hima, hakuizuia kwa ajili ya nafsi yake wala kwa watu wa nyumba yake, kwani alifundisha kwamba hima haiwi ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na maana yake ni maslaha ya Waislamu wote. Wakubwa wa Kiarabu zama za ujahili walikuwa wakijitengea malisho mazuri, wanyonge wakafukuzwa. Uislamu ukaligeuza jambo hilo juu chini.

Kisha mtazameni Sayyidna Umar (R.A.). Imepokewa na Bukhari kwamba alimweka mtu wake aitwaye Hunayy kuwa mlinzi wa hima, akamwusia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwamrisha amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na makundi ya Abdul-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan. Nao walikuwa ni masahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo! Walakini walikuwa matajiri, na Umar alieleza sababu: wao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, lakini masikini mifugo yake ikifa atamjia Umar na watoto wake wakilia. Basi hii ndiyo hukumu ya mahali pa wote katika Uislamu: panalindwa, na wa kwanza kuangaliwa ni yule asiyekuwa na pengine pa kwenda.

Nani katika mji wetu asiyekuwa na pengine pa kwenda? Ni yule mama anayekaa chumba kimoja yeye na watoto watano, chini ya bati, katika joto la mwezi wa Machi. Tajiri ana bustani yake ndani ya ukuta. Mwana wa masikini hana bustani ila kile kiwanja. Kikijaa taka na vigae vya chupa, tumemnyang'anya yeye, hatukumnyang'anya tajiri.

Sasa tuzisikilize hoja za wanaokataa kusaidia, tuzijibu moja baada ya moja.

Wengine husema: “Hii ni kazi ya serikali ya kaunti, sisi twalipa kodi.” Ni kweli kwamba serikali ina wajibu wake, na haifai kunyamaza ikiuacha. Watu na waandike barua, wakahudhurie mikutano, wadai haki yao kwa adabu. Lakini je, gari la taka lisipokuja, dhambi ya aliyezitupa taka njiani huhamia kwa dereva? Mtume (S.A.W.) alitufahamisha kwamba imani ina matawi sabini na kitu, na la chini yake ni kuondosha udhia njiani, wala hakusema kwamba tawi hilo ni la mwenye kulipwa tu. Na alitupa habari ya mtu aliyekuta tawi la miba njiani, akalisogeza, Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa hilo na kumghufiria. Na kinyume chake, alituonya tujiepushe na mambo mawili yanayoleta laana: kujisaidia katika njia ya watu au katika kivuli chao. Basi mwenye kuvinajisi vivuli vya watu asijifiche nyuma ya kodi.

Wengine husema: “Hii si kazi ya watu wa heshima, wala si kazi ya mwanachuo.” Hawa hawakusoma sira, au waliisoma ikapita masikioni. Katika kuchimba handaki la Madina, Mtume (S.A.W.) alibeba mchanga yeye mwenyewe mpaka vumbi likafunika tumbo lake tukufu. Na alikuwako mtu aliyekuwa akifagia msikiti wake, na riwaya nyingine husema ni mwanamke mweusi. Alipokufa, watu waliiona shani yake kuwa ndogo, wakamzika bila kumwambia Mtume. Alipojua aliwalaumu, akaomba aonyeshwe kaburi, akenda akamsalia. Watu walimdharau kwa ufagio, na Mtume akamwendea kwa ajili ya ufagio ule ule. Ni heshima gani basi tunayoiogopea sisi?

Wengine husema: “Tutapanda, kisha mbuzi watakula, na watoto wataiba maembe.” Hoja hii Mtume (S.A.W.) ameijibu kabla hawajazaliwa waisemao. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Jabir, kila kinacholiwa katika mti alioupanda Mwislamu ni sadaka kwake, na kilichoibwa ni sadaka, na kilicholiwa na mnyama au ndege ni sadaka. Mfanyabiashara gani aliyepata bima kama hii, akiibiwa bado amefaidi? Mti na uwekewe uzio wa miba, mbuzi wafungwe na wenyewe. Lakini hofu ya mwizi isiwe udhuru wa uvivu.

Na wako wanaouacha mti mkubwa bila kuusogelea kwa sababu wameambiwa una mashetani. Mbuyu haufagiliwi chini yake, ila hutiwa ubani na kufungwa vitambaa, na mwenye shida huuomba. Kumwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni dhambi kubwa kabisa, na mti hauwezi kumnufaisha mtu wala kumdhuru. Haki ya mbuyu juu yetu si ubani. Haki yake ni usipigwe misumari, usichomewe taka shinani, na usikatwe pasipo dharura.

Baada ya hoja na zitazamwe dalili za macho. Katika Kaunti ya Kwale kuna kijiji cha Gazi, kijiji cha Waislamu, ambacho katika karne ya kumi na tisa kilikuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mbele yake kuna ghuba yenye mikoko. Mikoko hiyo ilikatwa kwa boriti na kwa kuni mpaka mahali pengine pakabaki tope tupu. Tangu mwaka 1991 wataalamu wa utafiti wa bahari walianza kupanda upya pamoja na wenyeji. Kisha watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wakaunda jumuia iitwayo Mikoko Pamoja, na tangu mwaka 2013 wanahifadhi ekari zipatazo 290, sawa na hekta 117. Mikoko ina tabia ya kuinyonya hewa chafu ya ukaa na kuihifadhi mizizini na ndani ya tope lake, na wako watu ng'ambo wanaotoa fedha kwa ajili ya kuhifadhiwa huko. Fedha hizo hazigawanywi mifukoni. Huamuliwa na kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, zikatiwa katika maji ya bomba na vitabu vya skuli. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator. Na akina mama wa Gazi nao wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, wageni hupita wakalipa ada.

Zingatieni, ndugu zangu. Hawa si matajiri. Ni wavuvi na wakulima. Walilofanya ni kukubaliana kwamba kilicho cha wote kina mlinzi, na mlinzi ni wao. Samaki na kaa wana mahali pa kuzaliana, pwani yao haimegwi na mawimbi, na watoto wao wanakunywa maji. Je, sisi watu wa miji, wenye misikiti kila pembe na wanavyuoni tele, tushindwe na kiwanja kimoja?

Na liko jambo jengine, nalo ni zito kuliko taka. Mahali pa wote pasipotunzwa huwa chambo. Kwanza huwa jaa, kisha watu husema “pale hapana faida,” kisha siku moja huamka wakakuta uzio wa mabati, na nyuma yake msingi wa jumba. Mambo haya yameenea nchini mwetu hata serikali ikaunda tume ya kuchunguza, na ripoti yake, ijulikanayo kwa jina la Ndung'u, ilitolewa mwaka 2004, ikabainisha namna ardhi za umma zilivyogawiwa watu pasipo haki. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavikwa shingoni siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Basi aliyechukua kiwanja kizima cha mayatima na wajane atabeba nini? Walakini nasi tusijitoe lawamani. Kiwanja chenye miti iliyotiwa maji, chenye watoto wachezao na wazee waketio, ni kigumu kunyakuliwa, kwani kila mti ni shahidi na kila jirani ni mlinzi. Tulichokitupa sisi wenyewe, mwenye tamaa hukiokota.

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu ndani ya jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote huzama. Wakizuiwa, wote huokoka. Mtaa wetu ni jahazi. Mwenye kuchoma takataka za plastiki uwanjani humvutisha moshi jirani na mwana wa jirani, na tukinyamaza kwa haya tumezama pamoja naye.

Basi twanasihi haya kwa kila mtaa. Kwanza, watu wakutane msikitini au barazani, wachague wachache waaminifu, na fedha ziandikwe daftarini mbele ya mashahidi. Pili, waijue ardhi ni ya nani, wakaombe idhini kwa maandishi, kwani haifai kutafuta thawabu juu ya ardhi isiyoruhusiwa. Kama ni wakfu, iangaliwe shuruti ya mwenye kuweka wakfu, wala isivunjwe. Tatu, miche ipandwe mwanzo wa masika, ipate mvua ya kuishika; na iwe miti inayoijua pwani yetu, kama mkwaju, mkungu, mwarobaini, mzambarau na mwembe. Nne, kila mche upewe mwenyewe wa kuutia maji kiangazi, mtoto au mtu mzima, kwa jina lake. Maji ya kutawadhia msikitini, yasiyokuwa na najisi, yaelekezwe mitini badala ya mitaroni. Tano, walimu wa madrasa wawatoe watoto siku moja kwa wiki wakasome mlango huu wa dini kwa mikono. Na akina mama wasisahauliwe katika shauri, kwani wao ndio wakaao mtaani mchana kutwa, nao wajua panapovuja na panapooza.

Na juu ya yote hayo, kazi idumu. Tumeona mara nyingi watu mia wakikusanyika siku moja, wakapanda, wakapigwa picha, wakala biriani, na baada ya miezi miwili miche yote ikawa kuni. Amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa kidogo. Watu watatu wenye mitungi kila Jumamosi ni bora kuliko mia wa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Asiseme mzee, “Mimi umri umekwisha, kivuli chake sitakikalia.” Mtume wetu alimwusia mwenye mche mkononi aupande, hata Kiyama kikiwa kinasimama, maadamu anaweza. Ikiwa hata saa hiyo haikuwa udhuru, uzee utakuwaje udhuru? Na vivuli tunavyovikalia leo, ni nani aliyevipanda? Ni watu walio makaburini, hatuwajui majina yao, na thawabu zao zingali zikiwafikia kila tuketipo.

Ewe Mola wetu, wabariki wanaojitolea kwa ajili ya waja wako, uwape ikhlasi katika kazi yao na subira juu ya wanaowacheka. Ziponye nyoyo zetu kutokana na ubinafsi, na mikono yetu kutokana na kudhulumu haki ya wanyonge. Ijaalie miji yetu iwe safi kwa dhahiri na batini, na utujaalie tukuachie nyuma yetu kivuli, wala tusiache jaa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.