Amana ya Mwenye Kuchimba

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye jina lake halisi lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliacha tawasifu yake kwa Kiswahili; na maofisa wa Dola Huru ya Kongo, walioiteka Kasongo ya zamani, kusini mwa Maniema, mikononi mwa mwanawe Sefu tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare mwezi wa Januari 1894, waliacha taarifa zao; lakini wale watumwa waliopitishwa huko kuelekea Ziwa Tanganyika wakiwa na kongwa shingoni hawakuachiwa wino wala karatasi.

Basi watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji walipokwenda miaka ya karibuni kuchimba pale kwenye mahame ya Kasongo hiyo, yaitwayo Tongoni, na kuwauliza wazee kumbukumbu zao, walishika amana nzito. Waislamu wa Kasongo husoma katika Sura ya Zilzala kwamba ardhi itazisimulia habari zake Siku ya Kiyama. Mchimbaji huihoji kabla ya siku hiyo, na katika kuihoji huiharibu, kwani tabaka likiisha kuondolewa halirudi. Je, mtu amwondoaye shahidi aweza kuwa mwadilifu kwake?

Naona aweza, kwa sharti la daftari. Tabaka la chini kwa kawaida hulitangulia la juu, ila shimo huivuruga kanuni hiyo: aliyechimba choo, kaburi au shimo la taka katika uwanja wa zamani aliteremsha vitu vya zama zake kina kirefu, hata kigae cha juzi kikalala ubavuni mwa udongo wa mababu. Asiyeutenga ukingo wa shimo na udongo uliolijaza, wala asiandike lipi lililikata lipi, atatoa ushahidi wa uongo pasipo kukusudia, wala hapana atakayeweza kumsahihisha. Mwanaakiolojia Edward Harris, aliyebuni huko Winchester mwaka 1973 mchoro wa kupanga matukio ya ardhi, alishikilia kwamba ukingo ule mtupu uhesabiwe sawasawa na tabaka lenyewe. Jambo hili hunishika moyo: nafasi tu, iliyoachwa na jembe la mtu asiyejulikana, yaandikwa kuwa tendo lake.

Huko Tongoni jembe hilo huenda lilishikwa na mtumwa. Huruma yataka tuandike hivyo mara moja. Uadilifu wataka tuandike kwanza rangi ya udongo, kina, na mkato, kisha dhana yetu mahali pake peke yake, ijulikane kuwa ni dhana. Kusini mwa Maniema wako wazao wa waungwana na wazao wa watumwa, mara nyingi katika nyumba moja, na ushahidi uliopambwa kwa ajili ya upande mmoja, hata ule uliodhulumiwa, ni dhuluma juu ya wote. Kwa hiyo nakala ya michoro na madaftari yastahili kubaki Kasongo kwenyewe, ili wajukuu hao waisome ardhi yao kama ilivyokutwa, na kuzipinga dhana zetu wakiona haja.